Muulize Shangazi Mhariri: Dadu, Mikasa na Kalamu Nyekundu

Tangu niliposema kwenye ukurasa huu kwamba kinachonilisha ni kuhariri mikasa ya michezo ya kuigiza, ile ya kukaa mezani na dadu, penseli na msimamizi anayesimulia, barua za wakwe na mahari zimepungua ghafla na za dadu zimejaa sanduku. Haya, toleo hili ni lenu, vijana wa dadu. Wenye ugomvi na mawifi mvumilie hadi mwezi ujao.

Kwa msomaji asiyejua tunaongea nini: mchezo mama ni Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D), uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa 1974 na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1976 TSR ikaanzisha jarida la Dragon, na 1986 likafuata Dungeon, lililojaa mikasa iliyo tayari kuchezwa. Waandishi wengi wa kujitegemea walijifunzia kazi humo. Yote mawili yaliacha kuchapwa kwenye karatasi 2007. Leo milango ni mingine: wachapishaji wadogo wanaotangaza wito wa maandiko, wakubwa wanaokodi waandishi kwa mkataba, na maduka ya mtandaoni ambako unajiuzia mwenyewe. Karibu yote hayo hufanyika kwa Kiingereza, na ndiyo maana mnaniandikia.

Shikamoo Shangazi. Mchapishaji mmoja wa Marekani aliomba makala ya maneno 1,500 kuhusu mitego. Nilikuwa na mengi, nikaandika 3,400, nikidhani atafurahi kupata zaidi kuliko alichoomba. Amenirudishia bila kusoma, na mstari mmoja tu: punguza. Hii si dharau?
*Msomaji wa Tanga*

Marahaba mwanangu. Dharau siioni, naona hesabu. Ukurasa wa safu mbili wa vitabu hivi hubeba maneno mia saba hadi mia tisa hivi. Makala yako imetengewa kurasa mbili, na pengine mchoro wa robo ukurasa umeshalipiwa. Wewe umeleta kurasa nne na ushee. Ili uingie, lazima mtu mwingine atoke, na huyo mtu ameshasaini mkataba.

Halafu kuna pesa. Malipo huwa ni kwa neno. Tuseme ni senti 6 za dola: maneno 1,500 ni dola 90, maneno 3,400 ni dola 204. Hizo dola 114 za juu atazitoa wapi? Huwezi kumpelekea mtu mzigo asiouagiza ukamwomba na shukrani. Ukizidi kidogo, maneno hamsini au sitini, hakuna atakayelia. Kuzidi mara mbili kunamwambia mhariri kwamba hata ukipewa mkasa mrefu wenye tarehe ya mwisho utafanya vivyo hivyo.

Sasa kata. Anza na aya za mwanzo, kwa sababu nina hakika umefungua kwa kusema mitego imekuwepo tangu zama za kale na kwamba msimamizi mzuri hujua thamani ya mtego. Mtu aliyefungua makala ya mitego hahitaji kushawishiwa kwamba mitego ipo. Toa zote, anza pale mtego wa kwanza unapoanza. Kisha tafuta mahali unaposimulia siku mhusika wako wewe alipotumbukia shimoni na mlivyocheka. Mlicheka, naamini, lakini sisi hatukuwepo. Toa. Mwisho pitia mitego yenyewe. Kama mitatu ni ya shimo lililofunikwa, umeandika mtego mmoja mara tatu; chagua ulio bora. Inayobaki usiitupe, ni nusu ya makala ya pili, na mhariri aliyeona unatii idadi ya maneno ataifungua.

Sasa Shangazi? Mhariri wangu amejaza mswada alama: hapa herufi za mlazo, hapa herufi ndogo, hapa ondoa herufi nzito, hapa geuza hesabu. Hadithi yenyewe hajaigusa. Kwani nikiandika 2D6 badala ya 2d6 dunia inaanguka?
*Msomaji wa Umoja, Nairobi*

Poa sana. Dunia haianguki, ila anayeendesha mchezo anakwama.

Nikueleze mswada wako unasomewa wapi. Ni Jumamosi saa nne usiku. Watu watano wamezunguka meza, soda zimeisha gesi, na mmoja amesema, "Nafungua mlango." Wote wanamgeukia msimamizi. Yeye ana sekunde chache za kushusha macho kwenye ukurasa wako na kupata kilicho nyuma ya mlango. Hasomi, anawinda. Katika mikasa ya D&D jina la kiumbe likiwa kwa herufi nzito linamwambia: huyu ana takwimu zake, fungua ukurasa wake. Jina likiwa kwa mlazo linamwambia: huu ni uchawi au kifaa cha kichawi, una kanuni zake kitabuni. Sasa wewe umeweka herufi nzito kwenye neno "hatari" kwa sababu ulitaka kukazia. Jicho lake limekimbilia hapo, likakuta hakuna kitu, na mchezaji anayesubiri ameanza kuchezea simu.

Ndiyo maana mhariri hakugusa hadithi. Hadithi inaweza kuwa nzuri kabisa. Alama zile ni za mtu wa Jumamosi.

Kuhusu dadu: kwa D&D tunaandika idadi, d ndogo, kisha pande, 2d6, bila nafasi katikati. Ukimwandikia Chaosium, wachapishaji wa mchezo wa Call of Cthulhu tangu 1981, D yao ni kubwa, 1D6. Anayeendesha D&D ni Dungeon Master, anayeendesha Pathfinder ni Game Master, na wa Call of Cthulhu anaitwa Keeper, tena wachezaji wake huigiza wachunguzi. Nikipokea makala ya Call of Cthulhu iliyojaa neno Dungeon Master, najua papo hapo kwamba ilikataliwa kwingine na mwandishi amebadilisha anwani tu.

Na hata ndani ya mchezo mmoja mtindo huhama. Vitabu vya D&D vya 2014 viliandika *fireball* kwa herufi ndogo ya mwanzo; vya 2024 vinaandika *Fireball*. Vivyo hivyo kwa hali zinazompata mhusika, kama kuwekewa sumu au kutishwa: zamani herufi ndogo, sasa kubwa. Anayekulipa ndiye anayejua anafuata kipi. Muulize ana mwongozo wa mtindo. Akisema hana, nunua au pakua kitu chake cha karibuni, kiweke kando ya mswada wako, upite mstari kwa mstari. Kazi ya jioni moja.

Kuhusu hesabu ulizogeuziwa, nadhani najua kosa. Dhara la pigo la kiumbe linaandikwa wastani kwanza, dadu baadaye ndani ya mabano: 5 (1d6 + 2). Dadu ya pande sita ina wastani wa 3.5, ongeza 2 ni 5.5, shusha, ni 5. Dadu nane za pande sita ni 28 (8d6). Dadu tatu ni 10 (3d6), kwa sababu 10.5 inashushwa. Msimamizi mwenye haraka hutumia ile namba ya kwanza na kusonga mbele, kwa hiyo ukiikosea umempiga mtu mezani zaidi au pungufu. Mpangilio wa majaribio nao una desturi yake: kwanza kiwango cha ugumu, kisha uwezo, kisha ujuzi ndani ya mabano. Watu hukariri mpangilio huo kama namba ya simu ya mama, ukiupindua wanajikwaa.

La mwisho, kwa kuwa sote tunateleza hapo: soma mswada mara moja ukitafuta jinsia tu. Mlinzi wako wa lango anaanza kama mwanamume, aya ya tatu ni mwanamke. Kiswahili hakitudai kuchagua, Kiingereza kinadai.

Assalamu alaykum Shangazi. Nimeandika mkasa katika magofu ya mji wa pwani. Nakutumia maneno ya kisanduku, yale ambayo msimamizi anawasomea wachezaji kwa sauti. Mhariri ameandika pembeni neno moja tu: hapana. Mimi naona ndiyo sehemu niliyoiandika vizuri kuliko zote.
*Msomaji wa Muscat*

Wa alaykum salaam kaka. Nimekitafsiri kisanduku chako ili wenzako wakione:

"Baada ya kutembea kwa uangalifu mkubwa mnaingia ukumbini na kushikwa na woga usioelezeka. Kuba refu linawakumbusha enzi za fahari zilizopotea, masultani walipoketi hapa na kupokea zawadi kutoka nchi za mbali. Katikati kuna bwawa la pembe nane lililojaa maji meusi ambayo, msilolijua, yanamficha kiumbe wa kale. Mnasogea taratibu kutazama, na ghafla mkono wenye kucha unawavuta ndani!"

Kwanza hongera kwa bwawa la pembe nane. Umelichota Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, na huwezi kunidanganya. Jumba lile la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala Ibn Battuta alipofika 1331, lina bwawa la namna hiyo hasa, juu ya mwamba unaotazama bahari. Kitu cha kweli namna hiyo kinashinda mahekalu elfu ya kubuni. Na umekizika.

Tuanze na "kushikwa na woga". Nani kakuambia? Mezani kuna mtu anaigiza bibi mwizi wa miaka sabini asiyeogopa lolote, na pembeni yake paladini, yaani shujaa wa kiapo, wa ngazi ya 10 ambaye, kwa kanuni, hawezi kutishwa kabisa, wala wenzake walio karibu naye. Kutishwa ni hali iliyoandikwa kwenye kanuni, ina jaribio lake la kujinusuru. Wewe umeigawa bure kwa watu wote bila dadu. Hisia za mhusika ni mali ya mchezaji. Unachoruhusiwa ni kuweka kitu cha kutisha chumbani na kumwachia aogope mwenyewe.

"Baada ya kutembea kwa uangalifu": huenda wamekuja mbio wakifukuzwa. Huenda wameingia kwa dirishani, au wawili wamembeba wa tatu akiwa maiti. Kisanduku hakijui watu wamefikaje, kwa hiyo kisiseme.

"Msilolijua" ndilo lililonichekesha hadi jirani akagonga ukuta. Msimamizi analisoma kwa sauti, kaka! Sasa wanajua.

"Mnasogea taratibu kutazama" ni kosa kubwa kuliko yote, na nadhani ndilo lililoitoa hiyo hapana. Umewasogeza wahusika wa watu. Mchezo wote huu ni swali moja linalorudiwa usiku kucha: mnafanya nini? Ukiwajibia, wamebaki na kazi gani? Bibi mwizi angerusha jiwe majini kwanza. Mwingine angegeuka na kuondoka. Wewe umewatumbukiza wote.

Masultani na zawadi zao nawapenda, ila hapo si mahali pao. Historia inakwenda chini ya kisanduku, kwenye maelezo ya msimamizi, tena pamoja na njia ambayo wachezaji wanaweza kuipata: maandishi ukutani, kigae cha porcelaini ya China kwenye kifusi, mzee kijijini anayejua habari. Historia ambayo msimamizi peke yake anaijua imeandikwa kwa ajili ya mwandishi.

Hivi ndivyo ningekiandika mimi:

"Ukumbi huu wenye kuba una bwawa la pembe nane katikati. Upepo wa bahari unaingia madirishani kwa nguvu, lakini maji meusi ya bwawa hayatikisiki. Panaleta harufu ya chumvi na kitu kilichooza. Ng'ambo ya bwawa, mlango wa mbao uko wazi nusu."

Sentensi nne. Ukipita hapo, macho ya watu huanza kutangatanga, jaribu uone. Kuna vipimo vya kutosha kuchora picha, kuna pua na ngozi pamoja na jicho, na kuna njia ya kutokea, kwa sababu swali la kwanza la wachezaji wote duniani ni "milango iko wapi?" Maji yasiyotikiswa na upepo ni dokezo. Aliyesikiliza ameshashtuka, na asiyesikiliza hawezi kulalamika baadaye kwamba alionewa. Kama chumbani pangekuwa na kiumbe anayeonekana, ningemtaja katika sentensi ya mwisho kabisa. Ukimtaja simba mwanzoni, hakuna atakayesikia habari za mlango.

Chini ya kisanduku ndiko unakomwambia msimamizi ukweli, kwa mfuatano atakaouhitaji: nani yuko majini, ni kitu gani kinamwamsha, anafanya nini akiamka, anataka nini, na hazina iko wapi. Hapo tumia kauli ya kutenda. Umeandika mahali kwamba "mlango unaweza kufunguliwa". Na nani, kwa nini? Andika: ufunguo alionao mlinzi wa chumba cha 4 unafungua mlango huu. Sentensi ileile sasa ina mtu, kitu na mahali pa kwenda kukitafuta.

Ukishamaliza, mpe rafiki aendeshe mkasa huo na wewe ukae kwenye kona, kimya. Kimya kweli, usimsaidie hata akikukodolea macho. Kila mahali atakapokuuliza "hapa ulimaanisha nini?" pana shimo kwenye mswada, na mnunuzi wa Ohio hatakuwa nawe sebuleni kumjibu.

Shangazi shikamoo. Nataka kutumia nunda na popobawa katika mkasa mmoja. Rafiki yangu aliye Minneapolis anasema nimfanye popobawa awe aina ya vampaya ili wageni waelewe. Na je, maneno ya Kiswahili niyaweke kwa mlazo?
*Msomaji wa Wete, Pemba*

Marahaba mjukuu wa Pemba. Nunda mchukue kwa mikono miwili. Hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake aliyegeuka nunda mla watu ilishachapwa 1870 katika mkusanyiko wa Askofu Edward Steere, na ilikuwa midomoni mwa watu kabla yake. Hakuna wa kukudai. Tena itazame kwa jicho la mchezo. Paka anaanza na mnyama mdogo, anapanda hadi wakubwa, kisha watu, na sultani kila akiletewa mashtaka anasema paka ni wake na aliyeliwa ni wake. Hapo una kiumbe anayekua ngazi kwa ngazi pamoja na wahusika, na una mtawala anayemlinda. Halafu mwana wa mwisho wa sultani anakwenda kumwinda, anaua mnyama baada ya mnyama, na kila akimleta nyumbani mama anamwambia huyo siye nunda. Mkasa mzima umeshajipanga. Wahusika wanaua kitu, wanarudi kwa mbwembwe, kikongwe anakitazama na kutikisa kichwa. Ningelipia kuhariri huo.

Popobawa mimi ningemwacha. Mwaka 1995 uvumi wa jini huyu anayevamia watu usiku ulienea Pemba na Unguja hadi watu wakalala nje kwa makundi, na wewe kwa kuwa ni wa Wete huenda una mjomba anayekumbuka. Watu waliumia na wako hai. Na yale anayosemwa kuwafanyia watu usiku ni mambo ambayo wachapishaji wengi wameyapiga marufuku wazi katika miongozo yao. Ukimbadilisha awe vampaya ili apite, umebaki na vampaya, na hao wanao wa kutosha.

Kuhusu mlazo: kumbuka nilivyomwambia kijana wa Umoja. Katika D&D mlazo unamaanisha uchawi au kifaa cha kichawi. Ukiweka kila neno la Kiswahili kwa mlazo, msimamizi atakwenda kumtafuta "nahodha" kwenye orodha ya uchawi. Mwombe mhariri yaandikwe wima kama maneno mengine, wengi sasa wanakubali. Maana iweke ndani ya sentensi yenyewe, wakati kitu kinapotenda jambo: mtepe wa nahodha, uliounganishwa mbao kwa kamba za nazi bila msumari, unapinda kwenye wimbi badala ya kupasuka. Msomaji ameelewa mtepe, na msimamizi amepata habari ya kutumia dhoruba ikija. Faharasa ya maneno arobaini nyuma ya kitabu hakuna atakayeifungua Jumamosi usiku. Ila majina ya watu na mahali yape matamshi kando, kwa sababu mtu atayasema kwa sauti mbele ya marafiki zake, na ukimwekea mhusika mkuu jina la Mng'ong'o umemfunga ulimi.

Je, nahitaji ruhusa kutumia kanuni za D&D katika kitu ninachotaka kuuza mwenyewe?
*Msomaji wa Kampala*

Sehemu kubwa ya kanuni, hapana. Januari 2023, baada ya zogo kubwa kuhusu leseni ya zamani ya mwaka 2000, Wizards of the Coast, wamiliki wa D&D siku hizi, waliiweka hati ya msingi ya kanuni, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons ya CC BY 4.0. Unaipakua bure, unaitumia hata kibiashara, sharti kubwa ni kuweka tamko la kuwataja waliloandika wao. Linakili neno kwa neno, usilipambe. Lakini si takwimu zote za vitabu vyao zimo humo. Beholder, kwa mfano, hayumo miongoni mwa viumbe wa hati hiyo. Kabla ya kumweka kiumbe, mtafute kwenye hati. Usipomwona, tunga wako.

Kuna njia nyingine, duka la DMs Guild lililofunguliwa 2016. Pale unaruhusiwa kutumia hata ulimwengu wao wa Forgotten Realms, unabaki na nusu ya mauzo, lakini kitu hicho huwezi kukiuza kwingine. Kwa mkasa wa nunda au wa Kilwa, kama ya wenzako hapo juu, huhitaji ulimwengu wao. Baki nje.

Shangazi, nikitumia programu ya akili unde kuandika rasimu kisha nikairekebisha, watajua?
*Msomaji wa Mwanza*

Huenda wasijue. Soma mkataba kabla ya kusaini. Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, walitangaza 2023 kwamba wanataka kazi iliyofanywa na binadamu, na wengine wengi wana kifungu kama hicho. Ukisaini umeahidi. Na nikuambie kama mhariri: rasimu hizo nazitambua kwa vyumba vyake. Kila chumba kina ukungu, kila mlango unakwaruza, na hakuna hata kimoja chenye kitu cha kukishika mkononi.

Shangazi, nilipeleka wazo langu miezi mitatu iliyopita. Kimya. Nimwandikie tena au ndiyo nimekataliwa?
*Msomaji wa Bujumbura*

Kwanza rudi kwenye mwongozo wao kwa waandishi uangalie wamejipa muda gani. Wakisema wiki kumi na sita, nyamaza. Muda ukipita, andika mara moja, mistari minne: tarehe uliyopeleka, kichwa cha mkasa, idadi ya maneno na ngazi ya wahusika, na swali moja, je bado wanaufikiria. Usimwambie ulivyoteseka kuuandika wala watoto wangapi wanakutegemea. Salamu ndefu tunazopenda sisi, za kuuliza hali ya nyumbani na ya mvua, kwao zinaficha swali. Weka salamu moja. Usiambatanishe toleo jipya "lililoboreshwa", kwa sababu sasa ana mawili na hajui asome lipi.

Wakati huohuo fungua lile faili ulilopeleka. Kama linaitwa "mswada wa mwisho kabisa 3", lipe jina lako la ukoo na kichwa cha mkasa, maana kwenye kompyuta yake kuna mafaili ishirini yenye neno "mwisho". Ramani iwe faili la pekee, namba za vyumba zilingane na zilizo kwenye maandishi. Na mwisho wa wiki nyingine mbili bila jibu, lipeleke kwa mwingine, ukishabadilisha D kubwa na ndogo kama atakavyo huyo wa pili.